Shilingi Tano, Nambari ya Kitambulisho na Swali Moja: Ya Nini?

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao chetu cha wanafunzi wa sayansi ya siasa. Wengi mliyaomba, basi nimeyaweka hapa jinsi nilivyoyasema. Kanuni yetu ni ile ile: hatutaji chama, hatutaji mwanasiasa. Tunachambua hoja tu.

Hebu niwaulize. Ukisikiliza mdahalo wa gharama ya maisha, unasikia nini? Ushuru, unga, mafuta, deni la taifa. Sawa, hayo ni mazito. Lakini kuna mambo mawili yanayotupata karibu kila siku na hayafiki jukwaani: pesa ndogo tunazotozwa bila kuambiwa, na maswali ya kibinafsi tunayoulizwa bila kupewa sababu. Leo nataka tuone kwamba haya mawili ni ndugu, na kwamba ni siasa tupu.

Tuanze na pesa. Bei kwenye rafu inasema 195, risiti inasema 200. Umeagiza chakula, na chini ya bili kuna pesa ya mkebe na pesa ya "huduma" ambazo hazikuwa kwenye menyu. Unalipa kwa simu, muuzaji anakwambia "weka na ya kutoa". Kredo yako inaliwa kidogo kidogo na jumbe za vichekesho ambazo hukujiandikisha kuzipokea. Na nani atagombana na keshia kwa sababu ya shilingi 5, huku foleni nyuma yako inapumua kwa hasira?

Sasa tupige hesabu. Duka lenye wateja 1,000 kwa siku likiongeza shilingi 5 kwa kila mmoja, hiyo ni 5,000 kwa siku. Kwa siku 30 ni 150,000. Wewe umepoteza pesa ya peremende, mwenye duka amepata mishahara ya watu kadhaa. Darasani tunafundishwa kwamba hasara ikitawanywa kwa wengi, hakuna anayeisikia uchungu wa kutosha kusimama. Faida ikikusanywa kwa mmoja, huyo ana kila sababu ya kuilinda. Ndiyo maana hujaona maandamano ya shilingi tano. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Swali la siasa ni hili: kibaba cha nani?

Na si kwamba sheria haipo, jameni. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji na haki ya kulindwa kiuchumi. Tena kinazihusu bidhaa na huduma za serikali pia, si za maduka peke yake. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza benki, kampuni za bima na watoa huduma wengine kukutoza ada ambayo hawakukujulisha mapema. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inasema ukiletewa bidhaa au huduma ambayo hukuiomba, huna deni. Kwa hivyo mtu akikuuliza "kwani shilingi ishirini ni nini?", mjibu kwamba shida si ishirini. Shida ni kwamba hukuambiwa kabla ya kulipa.

Tuje kwa upande wa maswali. Unataka kadi ya pointi pale supamaketi, fomu inadai nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, umeoa au hujaoa, mshahara wako ni kiasi gani. Unaingia jengo la ofisi kupeleka barua, unakuta kitabu kikubwa kimefunguliwa: jina, kitambulisho, simu, unakotoka, sahihi. Juu ya jina lako unasoma wageni ishirini waliotangulia, nambari zao zote wazi. Na wewe ukishaandika, wa ishirini na mbili atakusoma. Kitabu kikijaa kinaenda wapi? Muulize mlinzi. Mara nyingi hata yeye hajaambiwa.

Tusimwonee mlinzi, yeye anatumwa. Sheria ya walinzi binafsi ya 2016 inamruhusu kukuomba ujitambulishe na kuandika saa uliyoingia. Lakini kumtambua mgeni ni jambo moja, na kuanika nambari za watu kwenye meza ni jambo lingine kabisa. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda habari za familia na za faragha zisidaiwe bila sababu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imelifafanua hilo vizuri: anayekusanya achukue kile tu anachohitaji, akuambie kabla ya kukichukua anakitaka kwa kazi gani na atampa nani, na akiuliza mambo ya familia au ya faragha atoe maelezo halali. Ona vile mzigo umewekwa. Si kazi yako kueleza kwa nini unakataa. Ni kazi yake kueleza kwa nini anauliza.

Mtasema, "Lakini siasa iko wapi hapo?" Nakuja.

Juni 2021, Wakenya walipewa nafasi ya kuangalia kwenye eCitizen kama wamesajiliwa katika chama cha kisiasa. Watu wengi walikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kukanyaga ofisi zao. Fikirieni: ili jina lako liingie kwenye orodha ya chama kinachohitajika na sheria kuonyesha wanachama, vitu vya kwanza vinavyotakiwa ni jina na nambari ya kitambulisho. Na hivyo ndivyo vitu tunavyoviandika kila siku kwenye vitabu vya mlangoni, kwa wakala, kwenye fomu za zawadi za maduka. Sisemi kitabu fulani kilitumika. Nasema malighafi ya kumfanya mtu mwanachama hewa imetapakaa kila mahali, na sisi wenyewe ndio tunaiandika kwa kalamu iliyofungwa kwa kamba.

Historia yetu inajua jambo hili. Wakoloni walipitisha sheria ya kipande mwaka 1915, wakaitekeleza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alibeba karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake. Kazi yake kubwa? Kumzuia asiache kazi kwa mzungu na kwenda kutafuta pesa nzuri kwingine. Anayejua mshahara wako kabla hujafungua mdomo ameshashinda mazungumzo ya mshahara. Hata leo wengine wetu tunaita kitambulisho kipande, bila kukumbuka jina lilitoka wapi.

Karibu na sisi zaidi, Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataa mpango wa kukusanya DNA na ramani za makazi yetu katika usajili wa Huduma Namba. Mwaka 2023 watu walipanga foleni KICC kupigwa picha ya mboni ya jicho na Worldcoin, wakipewa sarafu za kidijitali za takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo mwezi wa Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Walioenda pale hawakuwa wajinga. Ukiwa na njaa, jicho lako lina bei. Hapo ndipo gharama ya maisha na faragha zinakutana: anayebanwa na pesa ndiye anayeulizwa mengi zaidi, na ndiye asiye na nguvu za kukataa.

Kwenye mdahalo mtasikia hoja mbili. Ya kwanza: "Kama huna la kuficha, unaogopa nini?" Jibu: mlango wa nyumba yangu una kufuli, na ndani sifichi maiti. Ya pili: "Mkiwabana wafanyabiashara, maduka madogo yatafungwa." Hii ina uzito, tuiheshimu. Kanuni nyingi zinaweza kumlemea mama wa duka. Lakini kuandika bei kamili ukutani hakugharimu kitu, na kutouliza swali lisilohitajika ni kazi pungufu, si kazi zaidi.

Sasa tufanye nini? Kwanza, uliza jumla kabla ya kulipa, na usome risiti ukiwa bado mbele ya kaunta. Pili, kwenye fomu, jaza kile kinachohitajika kwa huduma uliyofuata, mengine acha wazi. Ukiulizwa, uliza nawe, kwa adabu: "Ya nini?" Tatu, wakikataa kukujibu au wakitumia data yako vibaya, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, kwa mdomo au kwa maandishi. Sheria inaipa ofisi hiyo siku 90 kumaliza uchunguzi. Inauma, si maneno tu: Septemba 2023 ilitoza mkopeshaji wa mtandaoni, klabu na shule faini za jumla ya shilingi 9,375,000. Klabu na shule zilikuwa zimeanika picha za watu bila idhini yao.

La mwisho, na hili ni la wafuasi wa siasa hasa. Tukielekea 2027, mgombea akija kwenu na karatasi ya kuandika majina na nambari ili "mpate msaada", msimshangilie kwanza. Muulizeni orodha hiyo itakaa wapi, nani ataiona, na itafutwa lini. Akikasirika kwa swali hilo akiwa bado anaomba kura, jiulizeni atafanya nini akishaapishwa.

Maswali mnayo? Yaleteni hapa chini, na tafadhali msiandike nambari zenu za simu.