Namna ya kuuza mahindi yetu mijini
(Maneno ya monitere wa malimo kwa watu wa vijiji)

Baba zangu, mama zangu na ndugu zangu,

Mimi ni mtoto wenu. Sikuja kuwafundisha kulima. Ninyi ndio mlionifundisha. Leo nataka kusema habari ya kuuza.

Nilipokuwa mdogo, baba yangu aliuza mahindi yakingali shambani. Mchuuzi alifika na feza mkononi, na sisi tulikuwa na deni la masomo. Tukampa magunia manne. Mwezi wa kwanza, ghala tupu, tulikwenda kununua unga kwa mchuuzi yule yule. Feza ya magunia manne haikutosha kununua hata magunia mawili. Je, tulikosa nini? Nguvu hatukukosa. Mvua hatukukosa. Tulikosa shauri.

Basi, mbele ya kuuza, mjue mambo manne.

La kwanza: Nani anakula? Zamani Union Minière, na Gécamines baada yake, ziliwapa wafanyakazi posho ya unga. Mnunuzi alikuwa mmoja, mkubwa. Leo mnunuzi ni mama wa Kolwezi, wa Likasi, wa Lubumbashi, mwenye kikapo chake. Anatia mkono ndani ya gunia, anatazama, ananusa. Mkimpa mahindi safi, siku nyingine atawatafuta. Mkificha mawe na makapi chini ya gunia, mtamdanganya mara moja tu.

La pili: Mahindi yamekauka? Tieni punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, mtikise. Chumvi ikishika chupa, mahindi yangali na maji, yarudisheni juani. Mahindi yenye maji huota ukungu, na ukungu una sumu.

La tatu: Wakati gani? Wakati wa mavuno watu wote wanauza, bei inaanguka. Mwezi wa kwanza na wa pili ghala ni tupu, bei inapanda. Tena mahindi na unga mwingi hutoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa. Mwaka 2024 jua kali liliharibu mashamba ya kule. Kwa hiyo ulizeni habari za njia ile. Mavuno myagawe: fungu la kula, fungu la mbegu, fungu la kuuza upesi kwa haja ya nyumba, na fungu la kungoja, lililolindwa na fukusi na panya.

La nne: Nani anapeleka? Mwenye magunia mawili hana nguvu mbele ya mwenye motokari. Watu kumi wenye magunia arobaini wanaweza kukodi motokari moja, na kupima kwa mzani, si kwa ndoo ya mchuuzi. Lakini hesabuni kwanza: feza ya motokari, ya magunia, ya kodi ya soko. Toeni hizo zote katika bei ya mjini. Ikiwa kinachobaki ni kidogo kuliko bei ya hapa, uzeni hapa.

Mtu akija kesho na feza mkononi, msimfukuze. Mwulizeni bei yake, mwambieni arudi kesho kutwa. Jioni mkae pamoja, waume na wake, kwa maana mama ndiye anayejua ghala. Hesabuni, kisha mjibu kwa sauti moja.

Nimemaliza. Mwenye swali aulize.