Mgeni wa Wiki Tatu na Mwalimu wa Kila Siku

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka. Mwalimu anaanza.)

Nazungumza nanyi, ndugu zangu wa Mantapala, na ninyi majirani zetu wa Nchelenge mnaotusikiliza kandokando ya ziwa Mweru. Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo. Kazi hii niliianza Pweto, kabla sijavuka mpaka upande wa Chiengi mwishoni mwa mwaka 2017 pamoja na wengi wenu. Tuliopitia Kenani, kabla Mantapala haijafunguliwa mwaka 2018, tunakumbuka jinsi watoto walivyocheza shule kwenye vumbi, mmoja akiwa mwalimu na kijiti mkononi, wakati sisi wakubwa bado tunatafuta mahali pa kulaza kichwa.

Leo nataka tuzungumze juu ya wageni wanaotoka Ulaya, Marekani na kwingineko, wanaokuja kwa njia ya makanisa kuwafundisha watoto wa chekechea Kiingereza. Wanajitolea. Hawalipwi mshahara, wengine wamechangiwa nauli na waumini wa kwao. Wanakuja na kalamu za rangi, nyimbo na moyo mzuri, wanakaa wiki mbili au tatu, kisha wanarudi kwao.

Tunawapokea kwa furaha, na tuna sababu. Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya Zambia, na sisi tulisoma kwa Kifaransa. Kuna baba hapa aliyefundisha hesabu miaka mingi, leo anamwomba mtoto wa jirani amsomee karatasi ya kliniki. Mzazi wa namna hiyo akimsikia mwanawe anataja namba kwa Kiingereza, machozi yanamtoka. Simcheki.

Lakini nisikilizeni. Mwaka mmoja niliwekwa kumsaidia binti mmoja mgeni. Kwa wiki tatu watoto wa miaka minne na mitano walijifunza kuhesabu kwa Kiingereza mpaka kumi. Siku ya mwisho wazazi walikuja kutazama. Watoto wakahesabu kwa sauti kubwa, kina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga pamoja nao. Jumatatu yake, mgeni amekwisha kuondoka, nikamwambia mtoto mmoja kwa Kiingereza aniletee mawe matatu. Akaniletea viganja viwili vimejaa mawe. Nikadhani hakunisikia. Nikamwambia tena, sasa kwa Kiswahili. Akaniletea viganja viwili vimejaa.

Basi tatizo halikuwa Kiingereza. Mtoto hakujua tatu ni kiasi gani. Alikuwa amejifunza wimbo. Na kosa lilikuwa langu pia, maana wiki zile tatu mimi nilikaa pembeni nikigawa uji, nikifikiri kwamba mwalimu amekuja.

Tulianza upya na mawe. Kisha magunzi ya mahindi, kisha chisense waliokauka, ambao niliwahesabu haraka kabla hawajaliwa. Mawe matatu kwa Kiswahili. Amabwe yatatu kwa Kibemba. Watoto wenyewe walicheka kusikia jinsi lugha hizi zilivyo ndugu. Mtoto alipokwisha kulijua jambo lenyewe, neno la Kiingereza lilikaa mahali pake siku hiyohiyo.

Zambia yenyewe ililipitia jambo hili. Mwaka 1966 iliamuliwa watoto wafundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Wengi walipanda madarasa bila kujua kusoma. Mwaka 1998 likafanyika jaribio katika shule za Kasama na Mungwi: watoto wajifunze kwanza kusoma kwa Kibemba, na Kiingereza kifuate. Matokeo yalikuwa mazuri kiasi kwamba mpango ule ulipelekwa nchi nzima, kila eneo na lugha yake.

Na hao wageni wa dini, wale wa zamani walifanyaje? Ninyi wa upande wa Pweto mnaijua Luanza. Dan Crawford, Mskoti, aliingia Katanga mwaka 1890, akajenga misheni pale Luanza juu ya ziwa letu hili, akajifunza lugha za wenyeji hata akatafsiri Biblia kwa Kiluba, na akafia palepale mwaka 1926. Huku ng'ambo ya Zambia, kusini mwa Nchelenge, mwanamke Mwingereza, Mabel Shaw, alifika Mbereshi mwaka 1915 akaanzisha shule ya wasichana. Akajifunza Kibemba. Aliondoka mwaka 1940. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi. Walikuwa na makosa yao, na nyakati zile zilikuwa za kutawaliwa, lakini walijua kwamba mtu hafundishi mtoto asiyeelewana naye.

Sasa, kijana wa wiki tatu hawezi kujifunza Kibemba wala Kiswahili chetu. Hatumdai hilo. Tunachoweza kumwomba ni kwamba asifundishe peke yake. Mwalimu wa hapa asimame naye mbele ya watoto, si pembeni na sufuria. Mgeni aseme neno, mwalimu alifungue kwa lugha ya nyumbani, watoto waliguse kwa mikono. Na kabla hajaondoka, aache maneno ya nyimbo zake yameandikwa kwenye daftari, na amsaidie mwalimu kuyatamka vizuri. Mwalimu ndiye atakayekuwapo mwezi ujao. Watoto wangu walikwenda kumngoja yule binti chini ya mti siku nne mfululizo. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba harudi. Waambieni watoto mapema.

Kuna jambo jingine, na hapa sitacheka. Mtu akija na Biblia, au na kitambulisho cha shirika, au na pipi, bado ni mtu usiyemjua. Una haki ya kuuliza nani amemleta na ofisi gani inamfahamu. Asibaki na mtoto peke yake, hata kwa dakika tano. Asimpeleke mtoto mahali kwa gari bila wewe kujua. Picha ni mpaka wewe ukubali, na kukataa hakukupunguzii chakula wala nafasi ya mtoto darasani. Mzazi mmoja aliiona picha ya mwanawe kwenye simu ya jirani, pamoja na jina lake kamili na jina la makazi. Familia ile ilikuwa imewakimbia watu wanaowatafuta.

Uji na daftari navyo havina dini. Tangu mwaka 1994 mashirika mengi ya misaada yametia sahihi kanuni inayosema msaada hautumiki kueneza imani. Mtoto wa Mwislamu, wa Kimbanguisti, wa Mkatoliki, wote wanakaa kwenye mkeka mmoja. Ukiambiwa usali kwanza ndipo mtoto aandikishwe, nenda ofisi ya ulinzi ukaseme. Na kama mtoto ameguswa vibaya au ametishwa na mtu yeyote, mgeni au mwenyeji, piga 116. Ni bure nchini Zambia.

Nyumbani, mama zangu, baba zangu, msiache kusema na watoto lugha yenu kwa kuogopa kwamba itaharibu Kiingereza. Wakati wa kupepeta mahindi, hesabuni. Jioni, tegeni vitendawili.

Kama mgeni amefika kijijini kwenu na mna swali ambalo sikulijibu, mwambieni mtu wa kikundi cha wasikilizaji aliandike, tulisome hapa wiki ijayo. Mimi narudi darasani. Uji unakaribia kuiva.

(Muziki.)