Koti Zito Likilowa Mvua

Leo tunazungumzia koti la mtoto, lile koti nene lililojazwa ndani, ambalo wengi wetu hununua katika mitumba baridi inapokaribia.

Ukiwa unaishi Molo, Elburgon au Kuresoi, huna haja ya kuelezwa baridi ni nini. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Molo iko juu zaidi, karibu mita 2,500. Mvua ya masika huanza mwezi wa Machi, na huko juu mvua na ukungu huendelea hata Julai na Agosti. Kwa hivyo mama humvalisha mtoto koti zito asubuhi, akaamini kwamba amemkinga. Je, amemkinga kweli?

Mama mpendwa, koti halitoi joto. Joto hutoka katika mwili wa mtoto mwenyewe. Kazi ya koti ni kushika hewa kavu ndani yake, na hewa hiyo ndiyo huzuia joto lisitoroke. Koti likilowa, maji huchukua nafasi ya hewa. Nayo maji hupitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa. Basi mtoto aliyeketi darasani tangu saa mbili na koti lililolowa hupoteza joto, hata kama koti ni nene namna gani.

Makoti hayafanani. Lililojazwa manyoya ya bata lina joto sana likiwa kavu, lakini likilowa manyoya hushikana mabonge na joto huisha. Lililojazwa poliesta hubakisha joto kidogo likilowa, na hukauka upesi. Sweta ya sufu pia hubakisha joto kiasi. Fulana ya pamba na suruali ya jinzi hunywa maji na kukaa na baridi mwilini.

Kabla ya kununua, au hata leo nyumbani, fanya jaribio hili. Mwaga kijiko cha maji juu ya koti. Maji yakiteleza kama yanavyoteleza juu ya jani la kabichi, kitambaa cha nje kinafaa mvua ndogo. Yakinywewa, koti hilo ni la baridi kavu tu. Tena kumbuka kwamba hata koti zuri huvuja kwenye mishono na zipu mvua ikizidi. Kwa hivyo mvalishe mtoto koti la mvua la nailoni juu ya lile zito. Na kwenye mkoba wake tia sweta na soksi kavu, ndani ya mfuko usiopenya maji.

Mtoto akirudi amelowa, usimwache akaukie mwilini. Mvue nguo zote, mkaushe, mvalishe kavu pamoja na kofia, umpe uji moto wa kiasi. Mtoto mchanga ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa maana huenda asitetemeke hata akiwa na baridi kali. Gusa tumbo na nyayo zake. Zikiwa baridi, mweke kifuani pako ngozi kwa ngozi, mfunike nyote wawili kwa blanketi kavu, umnyonyeshe. Asipopata joto, au akilegea na kukataa kunyonya, mpeleke hospitali mara moja, ukiwa umembeba vivyo hivyo kifuani.

Koti lenyewe likamue kwa kulibana bila kulisokota, likung'ute, vunja mabonge, ulianike penye hewa. Usilikaushe juu ya jiko la makaa katika chumba kilichofungwa wakati watu wamelala. Makaa hutoa gesi yenye sumu isiyo na harufu, nayo inaweza kuua jamaa nzima usingizini. Koti linaweza kungoja jua.

Wengi husema baridi huleta nimonia. Nimonia huletwa na viini, na viini huenea kwa urahisi tunapojifungia ndani penye watu wengi na moshi. Kwa hivyo koti peke yake si kinga. Hakikisha mtoto amepata chanjo zake. Chanjo ya nimonia ilianza kutolewa Kenya mwaka wa 2011, nayo hutolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14.

Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi mwaka mmoja, 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Pia kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, asipoweza kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilala bila kuamka vizuri, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali.

Jioni ya leo, mama, chukua lile koti na kijiko cha maji ulijaribu.