Chumba cha Watoto Wadogo Kiwe na Mlango Mmoja
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Mlituchagua sisi watano tuchore mpango wa chumba cha watoto wadogo hapa landhi. Kazi tumeimaliza, nasi twaileta mbele yenu muikubali au muikatae, maana fundi anangoja neno letu kabla ya kuchanganya saruji.

Jambo lililoleta ubishi ni hili. Wenzetu wengine walisema, tuwajengee watoto wazima kwanza, na wenye ulemavu tutawafikiria fedha zikipatikana. Sisi tulikataa. Tulipita nyumba kwa nyumba, tukakuta watoto wa miaka miwili na mitatu wasiotolewa nje kamwe. Mmoja ana mtindio wa ubongo, hukaa kwa kuegemezwa mito. Mwingine hasikii. Mwingine ana kifafa, na mama yake ameacha kuuza mboga kwa kuwa hakuna jirani anayekubali kubaki na mtoto. Baba zao hutoa mchango wa chama sawa na sisi sote. Tena Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na jamii, kadiri inavyomfaa yeye.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1907, katika mji wa Roma, daktari mmoja mwanamke, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, mtaa wa wafanyakazi ulio kando ya reli. Wazazi walikwenda kazini, watoto wakabaki wakizurura na kuharibu kuta. Alichukua vifaa alivyovitumia kwanza kuwafundisha watoto wenye akili pungufu, akawapa hawa wengine, nao wakaendelea vizuri. Basi kitu kilichofanyiwa mtoto mdhaifu kilimfaa kila mtoto.

Sasa mchoro wenyewe. Mlango uwe na upana wa sentimita 90. Zile ngazi tatu zivunjwe. Kimo chake ni sentimita 45, na kwa kipimo cha 1 kwa 12 mteremko utakuwa na urefu wa mita 5 na sentimita 40. Injini zetu zisingeupanda mlima kama huo, lakini mama anayesukuma kiti cha magurudumu ataupanda.

Ndugu mmoja kwa wema wake alitaka kutupa mataruma ya zamani ya mbao tutengenezee viti. Twamshukuru, lakini hapana. Mbao zile zimenyweshwa kriosoti, nasi tuliozibeba mabegani twajua inavyochoma ngozi. Mtoto wa miaka miwili hulamba kila kitu. Tununue mbao safi, na maseremala wetu watengeneze viti vifupi, na viwili viwe na mikono na mkanda kwa asiyeweza kukaa wima.

Chini ya mabati tuweke dari. Mvua ikipiga mabati matupu hakuna asikiaye mwalimu, na wako watoto ambao kelele huwatia hofu hata wakajiziba masikio na kulia. Kwa ajili ya hao pembe moja iwe na pazia na mkeka, mtoto apumzike humo bila kuonekana kwamba ameadhibiwa. Mwalimu asisimame mbele ya dirisha, maana mwanga ukiwa nyuma yake uso wake huwa giza, na mtoto asiyesikia huutazama uso na mikono. Mwenye ualbino akae karibu na mwalimu, mbali na jua la dirishani.

Kengele itabaki, lakini pamoja nayo mwalimu ainue bendera ya kijani. Gadi hapigi kelele kuiondosha treni, nasi sote twamwelewa. Ratiba ya siku ichorwe kwa picha ukutani, uji, mchezo, usingizi, ili hata asiyesema ajue kinachofuata.

Juu ya kifafa tutasema wazi, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapoogopa. Hakiambukizi, wala kwa mate wala kwa kugusana. Mtoto akianguka, ondoeni vitu vigumu karibu naye, mlazeni kwa ubavu, msimtie kijiko mdomoni wala kumshika kwa nguvu. Tazameni saa. Kikipita dakika tano apelekwe hospitali mara moja. Tungependa kila mzazi, siyo mwalimu peke yake, afundishwe haya kabla ya chumba kufunguliwa.

Watoto wapelekwe pia kwenye vituo vya serikali vya kupima mahitaji yao ya masomo, vilivyoanza mwaka 1984. Wengi wetu hatukuwa na habari navyo.

Imebaki fedha. Dari na mteremko vinazidi hesabu ya kwanza, na hatutaki kuongeza mchango. Twaomba ile baraza ya mbele iliyokusudiwa kwa mikutano yetu iachwe mwaka huu. Tutaendelea kukutana chini ya mwembe. Twajua wako wasiopenda, na baadhi yao ndio walioichangia baraza hiyo. Mchoro uko mezani kwa katibu. Mwenye neno la kupinga alitoe sasa, kabla ya kura.