Maji Kujaa na Kupwa, na Daftari la Mikopo

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya wavuvi)



Katika kila chama cha pwani zipo kalenda mbili. Ya kwanza imetundikwa ukutani ofisini, nayo ina miezi kumi na miwili na picha juu yake. Ya pili haikutundikwa popote, lakini ndiyo inayomtoa mvuvi kitandani na ndiyo inayomrudisha pwani. Mazungumzo haya yanahusu hasara inayopatikana pale ambapo daftari la chama linafuata kalenda ya kwanza peke yake. Mji utakaotumika kuwa mfano ni Bagamoyo.

Bagamoyo unafaa kwa kuwa ni mji ulioinuliwa na bahari, kisha ukapunguziwa hadhi na bahari hiyohiyo. Ufuko wake ni wa kina kifupi. Majahazi yaliingia maji yakijaa, yakapwelewa juu ya mchanga, na shehena ikateremshwa mabegani mwa watu; meli kubwa zilitia nanga mbali. Wajerumani, ambao walikuwa wameufanya mji huo makao makuu ya utawala wao, waliyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891, na kina cha bandari kilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Kule Kaole, kusini kidogo ya mji, penye magofu ya misikiti ya tangu karne ya 13, bandari ya kale imezibwa na mikoko. Waliobaki na bahari ni wale ambao ufuko wa kina kifupi hauwadhuru, bali huwalisha: wenye ngalawa na mashua, wenye nyavu za dagaa, wachokoa pweza, wakulima wa mwani wa Mlingotini na watu wa majaruba ya chumvi ya Nunge. Hao ndio wanachama, au ndio wanaopaswa kuwa wanachama.

Bahari ya mwambao huu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa mchana na usiku. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika chache, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa kuwa mwezi nao huchelewa kuchomoza kwa kadiri hiyo. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, na siku moja au mbili baadaye huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ikafika meta 3 na zaidi. Mwezi unapokuwa nusu, nguvu hizo mbili hupingana, yakaja maji mafu, ambayo tofauti yake ni kama meta 1 tu. Toka bamvua hadi bamvua ni siku 14 au 15.

Bamvua la hapa lina saa zake, nazo hazibadiliki sana mwaka mzima. Maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Mzee wa pwani hahitaji kuambiwa haya. Akiutazama mwezi ameshaijua saa. Mwenye kuhitaji ni katibu aliyeajiriwa kutoka bara, na mara nyingi huona haya kuuliza.

Sasa na itazamwe kazi ya kila mmoja. Mchokoa pweza hawezi kufika mwambani ila maji yakipwa sana, yaani siku za bamvua. Katika maji mafu mwamba haufunuki, na fimbo yake hukaa nyuma ya mlango. Mkulima wa mwani ni vivyo hivyo: kufunga mbegu kwenye kamba, kukaza vigingi na kuvuna, yote hufanywa maji yakiwa chini. Mwani hukomaa kwa siku 45 hivi, na mwenye kuhesabu ataona kwamba hayo ni mabamvua matatu. Mwenye uzio huenda kutoa samaki wake kila maji yapwapo, lakini mavuno yake ya bamvua na ya maji mafu hayalingani. Watu wa chumvi huyapokea maji katika majaruba bamvua linapojaa. Mwenye mashua kubwa anayetaka kuitia kalafati na kuipaka deheni huipandisha juu ya ufuko kwa maji ya bamvua, na asipokuwa tayari bamvua la pili, chombo chake hungoja la tatu.

Mwenye nyavu za dagaa ana sheria nyingine kabisa. Yeye hatazami maji bali giza. Dagaa huvutwa kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri, na taa haina kazi mbele ya mbalamwezi. Kwa hiyo hufanya kazi kama usiku 20 katika kila mwezi wa angani, na zile siku 10 hivi zinazouzunguka mwezi mpevu vyombo hulala pwani, nyavu hushonwa, na baharia hukopa unga dukani. Hizo hizo ndizo siku ambazo mchokoa pweza na mkulima wa mwani wanarudi na mzigo. Watu wa chama kimoja na mtaa mmoja, pengine wa nyumba moja, mmoja ana fedha na mwingine hana, kwa sababu ya mwezi uleule.

Hapa ndipo daftari la mikopo linapoingia. Kanuni ya kulipa tarehe moja kila mwezi ni kanuni ya watu wa mshahara, na kwao ni nzuri. Vyama vingi vya wavuvi viliipokea pamoja na fomu zake bila kuuliza. Chukueni mfano wa chama kilichoweka malipo tarehe 25, na mwanachama mwenye chombo cha dagaa aliyekopa mwanzoni mwa mwaka 2024. Mwaka huo mwezi ulikuwa mpevu tarehe 25 Januari, 24 Februari, 25 Machi, 24 Aprili, 23 Mei na 22 Juni. Mara sita mfululizo siku ya kulipa ilimkuta mtu huyu chombo chake kikiwa juu ya mchanga. Si bahati mbaya. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, na mwezi wa kalenda una 30 au 31. Tofauti yao ni kama siku moja. Kwa hiyo tarehe mbaya haipiti mara moja ikaisha, bali hung'ang'ania nusu mwaka na zaidi.

Katibu anayesoma daftari peke yake ataona nini? Ataona mdaiwa aliyechelewa Januari, Februari, Machi, Aprili, Mei na Juni. Ataandika "mdaiwa sugu", kamati itamnyima mkopo wa nyavu, na wadhamini wake wataitwa. Kisha kufikia Novemba na Desemba, ambapo mwezi mpevu ulikuwa umesogea hadi katikati ya mwezi wa kalenda, mtu yule yule atalipa siku yenyewe, na kamati itajipongeza kwamba ukali wake umemrekebisha. Hakurekebishwa na mtu. Ni giza lililorudi. Katika muda huo chama kimeshapoteza mkopaji mwaminifu, na yeye ameshakwenda kwa tajiri wa pwani, anayempa fedha bila fomu na kumchukulia dagaa kwa bei aipendayo mwenyewe. Wanachama wengi wa vyama vya wavuvi hupotea kwa njia hiyo, wala si kwa wizi wa hesabu unaozungumzwa sana mikutanoni.

Mkulima wa mwani naye hudhulumiwa kwa namna yake. Akikopeshwa kamba leo, akadaiwa rejesho la kwanza baada ya siku 30, hujikuta anavuna mwani mchanga ili alipe, na mwani mchanga ukikauka hupungua uzito kupita kiasi. Chama kinachomdai kabla ya bamvua la tatu kinajipunguzia chenyewe mzigo wa kuuza. Hakuna chama cha korosho kinachomdai mkulima wakati mkorosho unatoa maua.

Wapo watakaosema kwamba tarehe zisizo thabiti ni mlango wa udanganyifu, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Katibu akiachiwa kusema kila siku kwamba "maji hayakuwa mazuri", mkaguzi hana pa kushika. Dawa yake si kurudi tarehe 25, bali ni kuandika. Tarehe ya marejesho huwekwa katika sera ya mikopo na mkataba ambao chama chenyewe huupitisha. Basi kabla mwaka haujaanza, kamati na ikae na jedwali la maji, ambalo hutolewa kila mwaka kwa bandari kubwa kama Dar es Salaam na ambalo siku hizi hupatikana hata katika simu, iandike tarehe zote za mwaka mzima: za wenye dagaa, siku chache kabla giza halijakwisha, za wachokoa pweza, mwisho wa kila bamvua, za mwani, baada ya bamvua la tatu. Mkutano mkuu uzipitishe, ziingie katika kumbukumbu, zibandikwe mlangoni. Kuanzia hapo mwenye kuchelewa amechelewa. Na mdaiwa mjanja, yule anayesingizia mbalamwezi wakati mwezi haujaandama, atasomewa karatasi mbele ya wenzake.

Kwa wenye dagaa liko jambo jepesi zaidi, nalo ni kukata sehemu ya mauzo palepale mnadani kila chombo kinaposhusha, badala ya kungoja siku moja. Lakini hilo lataka mizani ya haki, stakabadhi kwa kila mauzo, na karani asiyeondoka pwani kabla ya chombo cha mwisho. Chama kisicho na karani wa namna hiyo kisijaribu.

Mikutano pia. Mkutano ulioitwa saa 4 asubuhi siku ya bamvua umeitwa saa ambayo wanawake wako mwambani na shambani kwa mwani, maji yakiwa magotini. Kisha huandikwa kwamba akidi haikutimia kwa sababu ya mwamko mdogo wa akina mama. Siku ifaayo ni ya maji mafu, na saa ifaayo ni alasiri, mabaharia wa dagaa wakiwa wamekwisha amka na hawajapakia taa. Kamati ya mikopo nayo isikutane mara moja tu kwa mwezi. Ombi la misumari na pamba ya kalafati likikosa kikao, mashua hukosa bamvua, na siku 14 za chombo kilicholala hazirudishwi na riba yoyote.

Upepo wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, wataka safu yake peke yake, maana huwafungia pwani wenye ngalawa ndogo bila kujali mwezi wala maji. Safu hiyo isijazwe kwa tarehe za kudumu. Katibu aandike kila jioni idadi ya vyombo vilivyotoka na vilivyobaki, mstari mmoja tu, na mzee mmoja wa pwani aweke sahihi kando yake. Daftari la senti chache latosha kwa kazi hiyo, na mkaguzi atakapofika ataliomba kabla ya leja.