Zakaria na Binti Yake



Juma lililopita nilipanda basi kutoka Musoma kwenda Bunda. Kando yangu alikaa binti wa sekondari akisoma Rosa Mistika, nakala iliyochakaa. Tulipofika Makutano, pale penye njia ya kwenda Butiama, nilimwuliza amefikia wapi.

"Shikamoo, baba. Nimefika pale anapopigwa kwa ajili ya barua." Kisha akaniuliza: "Hivi huyu mzee hakuwahi kukaa akazungumza na mwanawe?"

Swali hilo nimekaa nalo wiki nzima.

Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1971. Mwandishi wake, marehemu Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, alizaliwa Namagondo, Ukerewe, ng'ambo tu ya maji ukivuka kwa kivuko cha Kisorya. Wazee wananiambia walikisoma kwa kujificha, maana kwa muda kilizuiwa shuleni. Zakaria, baba yake Rosa, alikuwa mwalimu. Ulevi ukamwondoa kazini. Nyumba inabebwa na mama, Regina. Siku Zakaria anapogundua kwamba binti yake ameandikiwa barua na kijana Charles, anampiga vibaya.

Wapo watakaosema: sasa mzazi asimkanye mwanawe? Amkanye. Lakini Zakaria hakukanya. Alinyamaza miaka yote, halafu akazungumza kwa fimbo. Rosa akaenda shule akiwaogopa wavulana kama chui, na woga ule ulipokatika, hakuwa na kitu kingine cha kumshika. Akatafuta thamani yake kwa kila aliyemwita mzuri. Mwisho wake ni kujiua. Watu hupenda kusema Rosa aliharibikiwa ugenini. Mimi nasema alipotea nyumbani, kabla hajaondoka kisiwani.

Nayatazama haya hapa kwetu Mara. Utamkuta baba anayejua bei ya sangara pale Mwigobero asubuhi na jioni, anajua ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi, lakini mwulize binti yake yuko kidato gani! Butiama na Mugumu zimo nyumba zinazopokea mabinti wanaokimbia kukeketwa. Sheria ilikataza jambo hilo kwa walio chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998, lakini mtoto bado anatoka usiku, anapita kwa majirani, anakwenda kuwaeleza watu baki jambo ambalo nyumbani hakuna aliyetaka kulisikia. Hebu fikiri, ndugu msikilizaji, umeshindwa kusikilizwa na aliyekuzaa, unakwenda kubisha hodi kwa mgeni.

Nami sijitoi. Binti yangu ana miaka 15. Alama zake za hisabati nazijua, maana huletwa kwa karatasi. Anachokiogopa sikijui. Jioni nilipotaka kumwuliza, wote wawili tuliona haya, tukaishia kuzungumza habari za umeme kukatika.

Tulipoingia stendi ya Bunda yule binti alifunga kitabu, akaniuliza kama Rosa mwishoni anarudi nyumbani. Nikamwambia asome mwenyewe. Akashuka na begi lake, akakimbilia gari la Kisorya lililokuwa likiita abiria wa mwisho. Nilitaka kumwuliza baba yake yuko wapi. Sikumwuliza.