Shuka Uisukume

 

Asubuhi ya leo nataka kuzungumza nanyi juu ya baiskeli. Najua wengine mtacheka. Tangu mwaka 2008, Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, vijana wetu wengi wameiacha baiskeli ikining'inia darini pamoja na mahindi ya mbegu. Mimi bado ninayo yangu. Ni ile nyeusi ya chuma ambayo watu huiita Black Mamba, nzito kama mbuzi aliyeshiba, yenye breki za fito, wala haina gea. Mke wangu husema siku moja nitazikwa nayo. Labda.

Basi, mtu akitaka kusafiri kwa baiskeli katika nchi yetu ya chai, jambo la kwanza ni kuiacha lami. Barabara kubwa itokayo Kaplong kupita Kapkatet na Litein hadi Kericho ni nzuri kwa mabasi na malori, lakini mwenye baiskeli huko hana mahali. Honi ikilia nyuma yako, unajitupa shimoni na kumshukuru Mungu kwamba ni shimo tu. Lakini ukiingia kando, hatua mia mbili tu, unakuta nchi nyingine. Unakuta vijia vya murram vinavyozunguka katikati ya chai, na kimya, na watu wenye nafasi ya kukuamkia.

Je, umewahi kujiuliza kwa nini sehemu zetu zina vijia vingi namna hii? Ni kwa sababu ya jani la chai. Jani likishachumwa halina subira. Likilundikwa hupata joto na kuharibika, kwa hiyo lazima lifike kiwandani siku ile ile. Tangu wakulima wadogo walipoanza kuchuma, na halmashauri ya chai kuundwa mwaka 1964, ilibidi lori liweze kufika karibu na kila kituo cha kupimia majani, hata kile kilicho nyuma ya kilima. Ndivyo zilivyopatikana njia hizi. Lori hupita kwa saa zake, nawe ukizijua saa hizo, njia iliyobaki ni yako na wachumaji na watoto wa shule.

Tena uondoke mapema. Wenyeji hawahitaji kuambiwa habari ya mvua ya alasiri katika milima ya Kericho, wala ya mvua ya mawe inayotoboa majani ya chai kama risasi. Murram ikilowa inakuwa sabuni, na zile breki za fito hazishiki rimu iliyolowa. Nimewahi kuteremka kilima kizima nikiikaza breki kwa mikono miwili huku soli ya kiatu changu ikisugua taya la mbele. Kiatu kile hakikuvaliwa tena kanisani.

Jambo jingine ni kujua mito. Mito yetu mingi huzaliwa katika msitu wa Mau, upande wa mashariki, nayo huteremka kuelekea Ziwa Victoria. Kipsonoi ni mmoja wao. Huungana na mingine ukawa mto Sondu. Kwa hiyo nchi imelala kama vidole vya mkono uliotandazwa mezani. Ukifuata mgongo wa kidole kimoja, unakwenda saa nzima bila jasho jingi, chai kushoto, chai kulia, na upepo usoni. Lakini ukitaka kuvuka kutoka kidole hiki hadi kile, huna budi kuteremka mpaka majini na kupanda tena, wala hakuna ujanja utakaokuepusha.

Huko Ufaransa, watu wengi hutumia likizo zao kupanda milima kwa baiskeli kwenye barabara ndogo za mashambani. Katika milima mingi kuna vibao kila kilometa vinavyomwambia mpandaji amefika juu kiasi gani, na kilometa inayofuata ni kali kiasi gani. Sisi hatuna vibao. Sisi tuna akina mama waliobeba vikapu, nao ukiwauliza kama bado ni mbali, watakuambia, "Ni hapo tu." Nimepanda "hapo tu" nyingi katika maisha yangu.

Yuko mwendesha baiskeli aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, Chris Froome, ambaye katika ujana wake alifundishwa na Mkenya mwenzetu David Kinjah kwenye vilima vya Kikuyu. Baadaye aliyashinda yale mashindano makubwa ya kuizunguka Ufaransa, mwaka 2013, kisha 2015, 2016 na 2017. Lakini mimi humkumbuka zaidi kwa siku moja ya Julai 2016, kwenye mlima uitwao Ventoux. Watu walikuwa wamejazana barabarani, pikipiki iliyokuwa mbele ikasimama ghafla, naye na wenzake wakaigonga. Baiskeli yake ikaharibika. Basi akaanza kukimbia kwa miguu, kupanda mlima, na vile viatu vyake vya baiskeli, mbele ya macho ya ulimwengu wote. Wengine walicheka. Siku kumi baadaye yeye ndiye aliyeshinda.

Sasa nije kwa jambo langu mwenyewe, ambalo si rahisi kulisema redioni.

Ninaye ndugu mdogo, naye anakaa ng'ambo ya Kipsonoi. Baba yetu alipofariki alituachia ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wake, wawe wetu sote wawili. Mwaka mmoja mwanangu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na ndugu yangu alikuwa mbali kikazi. Nikamwuza ng'ombe yule pamoja na ndama. Sikumwuliza. Nilijiambia kwamba nitamlipa fungu lake wakati wa bonasi ya chai. Bonasi ikaja, ikaenda. Ya pili ikaja, ikaenda. Aliporudi aliniuliza swali moja tu, nami nikamjibu kwa hasira, kama afanyavyo mtu mwenye kosa. Tukakaa miaka minne bila kusalimiana.

Na katika miaka hiyo minne, wapendwa, nilikuwa nikisimama mbele ya watu na kufundisha habari za msamaha. Watu wakiniuliza kwa nini simtembelei ndugu yangu, nilikuwa na jibu tayari. Nilisema, "Kile kilima cha ng'ambo ni kibaya sana."

Jumamosi moja niliondoka kabla ya jua kuchomoza. Pesa zilikuwa mfukoni katika bahasha, fungu lake lote na nyongeza kidogo kwa ajili ya ndama. Nilipita njia za chini, katikati ya chai, ili nisikutane na wanaonijua. Umande ulikuwa mzito. Wachumaji walikuwa wamekwisha kujifunga vile vitambaa vya plastiki kiunoni, na mmoja akaniita, "Mwalimu, unakimbilia wapi?" Sikumjibu vizuri.

Nikateremka mtoni. Pale darajani nilisimama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilimkumbuka Yakobo kwenye kivuko cha Yaboki, jinsi alivyotanguliza makundi ya wanyama ili kuupoza moyo wa kaka yake, na jinsi alivyoambiwa kwamba Esau anakuja na watu mia nne. Miaka ishirini alikuwa ameishi mbali naye. Nadhani usiku ule Yakobo naye aliviona vilima vyote vya dunia kuwa vibaya.

Kisha nikaanza kupanda. Nilipedali mpaka magoti yakakataa, nikashuka, nikaisukuma. Hapo ndipo nilipokutana na mzee mmoja akichunga kondoo kando ya njia.

"Chamgei, mwalimu."

"Chamgei, mzee."

Akaitazama baiskeli, akatia fimbo yake kwapani, akashika kiti cha mizigo kwa nyuma na kusukuma. Tukaenda hivyo kimya kimya. Halafu akasema, "Ndugu yako naye huja kwa baiskeli mpaka juu pale."

Nikasimama. "Ndugu yangu yupi?"

"Yule wa huku. Msimu huu nimemwona mara mbili. Hufika kwenye ule mti, husimama, hutazama ng'ambo upande wa kwako. Halafu huigeuza baiskeli akarudi."

Sikuweza kusema neno. Tulipofika mtini nilitazama nyuma, na kweli, ukisimama pale unayaona mabati ya nyumba yangu yaking'aa. Alikuwa akiyatazama mabati yangu, nami kwa miaka minne nilikuwa nikikisingizia kilima hiki hiki.

Nilimkuta uani akifunga ua wa ng'ombe kwa waya. Mbwa walibweka, akainua kichwa. Aliitazama baiskeli kabla ya kunitazama mimi.

"Cheni yako inalia," akasema.

"Inalia tangu Sotik," nikamjibu.

Akaingia ndani, akatoka na kopo la oili, akachuchumaa, akaanza kuitia cheni oili, kiungo kwa kiungo, akiizungusha pedali kwa mkono wa pili. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani. Yote yalipotea. Nikasema tu kwamba nilifanya vibaya kumwuza ng'ombe wa baba bila kumwuliza, na kwamba nilifanya vibaya zaidi siku ile aliponiuliza. Nikampa bahasha. Hakuihesabu. Aliipangusia vidole vya oili kwanza, kisha akaitia mfukoni, akaniuliza, "Yule kijana, alimaliza shule?"

Nikamwambia alimaliza.

"Vema," akasema, akamwita mkewe alete mursik.

Tulikaa mpaka mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Kericho, nikaaga. Akatoa baiskeli yake, akanisindikiza. Tulipofika kwenye ule mti nilidhani atanipa mkono na kurudi. Lakini aliteremka pamoja nami, tukizikokota baiskeli zetu bega kwa bega, kwa kuwa njia ilikuwa imeanza kulowa, na mvua ikatukuta sote wawili darajani.